Usalama wa Amplifaya Kubwa za Redio Zitengenezwazo Nyumbani

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Same



 Jambo tulilolichagua latendwa na wachache, lakini madhara yake yaweza kuwafikia wengi. Nalo ni amplifaya kubwa za redio, zile zitumiazo taa za kioo, ambazo watu huzijenga kwa mikono yao wenyewe nyumbani. Katika vyombo ambavyo mtu aweza kuviunda juu ya meza ya chumbani mwake, ni vichache mno viwezavyo kuua upesi kama hiki. Kwa hiyo hatutasema juu ya kukipa chombo nguvu. Vitabu vya ufundi huo ni vingi. Tutasema juu ya kukijenga kisiue.

Labda mtu atauliza: Jambo hili lahusu nini chama cha watumishi? Jibu letu ni hili. Tangu Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, vyama vya namna hii vimekuwa mahali pa kuelimishana, wala si pa kudai haki tu. Tena mtumishi wa serikali ni mtu wa kuhama. Leo yuko Same. Mwakani apata barua ya kwenda Kigoma au Lindi. Vyombo vyake vizito huuzwa, au huachwa kwa jirani, au hubaki stoo ya nyumba aliyokaa. Aliyejenga chombo azijua hatari zake. Atakayekifungua baada yake hazijui. Ndiyo maana twasema tangu mwanzo neno ambalo maneno yetu yote mengine yatalifuata: uzuri wa amplifaya haupimwi kwa wati zake. Amplifaya nzuri ni ile ambayo mtu asiyeijenga aweza kuifungua akatoka mzima.

Kwanza tueleze watu wenyewe na chombo chenyewe. Redio ya ridhaa ni kazi ya mtu mwenye leseni ya kurusha na kupokea mawimbi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kupata marafiki, si kwa biashara. Zamani za utawala wa Waingereza alama za wito za watu hao zilianza kwa VQ3 katika Tanganyika na VQ1 katika Unguja. Leo Tanzania hutumia 5H. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Yeyote asiye na leseni asiguse kazi hii. Na mwenye leseni asizidishe wati zilizoandikwa ndani yake. Si uzuri mtumishi wa umma kuisimamia sheria ofisini na kuivunja chumbani.

Redio ya kawaida ya mtu wa ridhaa hutoa wati 100 hivi. Amplifaya huyapokea mawimbi hayo na kuyakuza yakafika wati 500, 1,000, au zaidi. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa na transista, lakini wengi wajengao wenyewe wangali wanapenda taa za redio, ambazo mafundi wengine huziita vali. Taa hizo zilitokana na kazi ya John Ambrose Fleming mwaka 1904 na ya Lee de Forest mwaka 1906, nazo ndizo zilizobeba redio yote ya dunia kwa miaka mingi, pamoja na Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951. Wajenzi huzipenda kwa sababu ni vumilivu. Taa ikizidiwa kwa muda mfupi, sahani yake huwa nyekundu, na ikipumzishwa huendelea na kazi. Transista katika hali ile ile hufa kabla mtu hajageuza shingo. Walakini uvumilivu huo umewadanganya wengi. Taa humsamehe fundi aliyeikosea. Volti ziiendeshazo hazimsamehi.

Natutaje hesabu, ili pasiwe na mtu wa kudhani twatisha bure. Umeme wa nyumba zetu ni volti 230, nao huo peke yake waua. Taa iitwayo 811A hupewa volti 1,500. Ile ya 813 hupewa 2,000 au zaidi. Ile ya 3-500Z hupewa kati ya 2,500 na 3,500. Taa mbili za 3-500Z zikipewa volti 3,000 na kuvuta ampea 0.8, zameza wati 2,400. Kiasi cha 1,400 chaenda katika antena, na karibu 1,000 zilizosalia zageuka kuwa joto ndani ya sanduku. Basi fahamuni ya kuwa miliampea 50 zikipita kifuani zaweza kuuvuruga moyo wa mtu mwenye afya. Chombo hiki katika kazi yake ya kila siku hupitisha miliampea 800.

Watu husema, ajali haina kinga. Methali hiyo ina mahali pake, lakini haina mahali juu ya meza ya fundi wa redio. Karibu kila hatari ya amplifaya yajulikana, imepimwa, na kinga yake yajulikana. Asiyeiweka kinga asije akaitaja bahati.

Kabla ya kujenga, mtu na ajiulize kama ana haja. Kuongeza nguvu kutoka wati 100 hadi 1,000 ni kuizidisha mara 10, lakini yule asikiaye mbali huiona sindano ya redio yake ikipanda chini ya hatua 2 tu. Antena iliyoinuliwa vizuri na kupewa urefu wake halisi mara nyingi huleta faida hiyo kwa gharama ya waya na nguzo. Mtu wa Same atakaye kusema mchana na Dar es Salaam au Dodoma aweza kutumia mawimbi ya mita 40 na wati 100, antena yake ikirusha mawimbi juu ili yarudishwe chini kutoka angani. Milima haimzuii, maana mawimbi hayo huiruka. Twakumbuka Novemba 2009, udongo wa mlima ulipoporomoka Mamba Miamba na watu zaidi ya 20 wakafa. Katika msiba wa namna hiyo, redio ndogo iendeshwayo kwa betri ya gari yaweza kufaa kuliko amplifaya kubwa isiyoweza kuwaka umeme wa laini ukikatika. Hatusemi watu wasijenge. Twasema ajengaye na awe na sababu iliyo kubwa kuliko kujisifu.

Sasa tuje kwenye kiini. Hatari iliyo kubwa kuliko zote katika chombo hiki haimo katika chombo kinachowaka, maana kila mtu hukiogopa chombo kinachowaka. Imo katika chombo kilichozimwa.

Sisi tukaao katika wilaya hii tunao mfano mzuri kuliko ule wa vitabu. Wazee wa Upareni walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya milimani na miguuni mwa milima, kama ile ya Manoo huko Bangalala. Usiku maji ya mfereji huingia na kukusanyika. Mchana ndiva hufunguliwa, na maji yaliyokuwa machache katika mfereji hushuka kwa wingi mashambani. Katika amplifaya, kapasita ndizo ndiva. Transfoma na diodi ni mfereji uingizao maji. Taa ni shamba. Mtu azimapo swichi, au hata achomoapo plagi ukutani, afunga mfereji wa juu tu. Ndiva ingali imejaa. Na mtu aingizaye mkono wakati huo ni kama mtoto achezaye chini ya mlango wa ndiva kwa kuwa ameuona mfereji wa juu umekauka.

Imejaa kiasi gani? Tuchukue mpango utumiwao na wengi: kapasita 8, kila moja ya maikrofaradi 400 na volti 450, zimeunganishwa mfuatano. Kwa pamoja zawa kapasita moja ya maikrofaradi 50 iwezayo kuhimili volti 3,600. Ikijazwa hadi volti 3,000, ndani yake mna jouli 225. Mashine za hospitali ziugutushazo moyo uliovurugika hutumia jouli kati ya 120 na 360, na daktari huzipitisha kwa uangalifu na kwa sababu. Fundi asiyejihadhari azipokea bila daktari.

Kinga ya kwanza ni kuitobolea ndiva tundu dogo lisilozibwa kamwe, ili ijimwage yenyewe kila izimwapo. Tundu hilo ni rezista iwekwayo sambamba na kila kapasita. Hiyo hiyo husawazisha volti baina ya kapasita zote, isije moja ikabeba mzigo wa wenzake ikapasuka. Lakini yatupasa kujua tundu hilo hufanya kazi kwa kasi gani. Kila rezista ikiwa ya kiloomu 100, basi sekunde 40 baada ya kuzima bado mna volti 1,100. Baada ya dakika 2 mna volti 150. Huchukua zaidi ya dakika 3 kufika kama volti 20. Mtu asemaye, “Nimezima, nimengoja kidogo,” hajasema neno. Angoje dakika 5 kwa saa, si kwa moyo wake.

Na rezista hizo zichaguliwe kwa akili. Kila moja yabeba volti 375 mchana kutwa, na rezista ndogo nyingi hazikutengenezwa kwa volti hizo hata kama wati zake zatosha. Hapa yapasa kutumia zile ziandikwazo volti 500 au zaidi, za wati 3 au zaidi, zikae mahali penye hewa, zisigusane na kapasita na kuzipikia maji yake. Kwa maana rezista ikiungua, haipigi kelele. Chombo huendelea kufanya kazi vizuri sana; ila ndiva imepoteza tundu lake, na siku ya kufunguliwa haitamwambia mtu.

Kwa sababu hiyo kinga moja haitoshi. Kinga ya pili ni mita ya volti kubwa iliyo usoni pa chombo, isomayo hata baada ya kuzima, ili macho yaone sindano ikishuka. Kinga ya tatu ni swichi ya mlango: kifuniko kikiinuliwa, umeme wa ukutani hukatwa wenyewe. Wengine huongeza kijiti cha chuma ambacho kifuniko kikiondolewa huangukia nguzo ya volti kubwa na kuiunganisha na sanduku. Hiyo ni kinga njema, lakini isigeuzwe kuwa njia ya kila siku ya kumwaga ndiva, maana kuimwaga kwa ghafula hupiga cheche kubwa na kuharibu kapasita.

Kinga ya nne ni fimbo ya kumwagia, nayo kila mjenzi na awe nayo kabla hajanunua taa. Ni ufito mkavu au bomba la plastiki la urefu wa mita moja, lenye ndoana ya shaba nchani, na waya mnene unaolegea utokao katika ndoana hadi sanduku la chombo. Waya huo hufungwa katika sanduku kwanza. Kisha ndoana huguswa pale penye volti kubwa kwa kupitia rezista nene, ndipo huguswa bila rezista. Baada ya hapo ndoana haiondolewi. Huachwa ikining'inia pale pale mpaka kazi iishe, kwa kuwa kapasita iliyomwagwa na kuachwa huweza kujirudishia sehemu ya volti zake, kama tope la ndiva litoalo maji tena baada ya kudhaniwa limekauka.

Hapa tuongeze onyo moja. Mita za mkononi zitumiwazo na mafundi wetu wengi zimeandikwa volti 600 au 1,000. Mtu asizipeleke katika volti 3,000 hata mara moja. Umeme hurukia ndani ya mita na kutokea mkononi. Pasipo kifaa maalumu cha kupimia volti kubwa, mtu na asome mita ya chombo chenyewe na kuiamini fimbo.

Tukitoka katika ndiva, twaja kwenye sanduku na ardhi. Sanduku na liwe la chuma au aluminiamu pande zote, lisilo na tundu liwezalo kuingiza kidole cha mtoto, wala mjusi. Waya wa ardhi utokao katika plagi ufungwe kwa parafujo yake yenyewe katika chuma kilichokwanguliwa rangi, wala parafujo hiyo isishike kitu kingine. Ikiwa transfoma imo katika sanduku moja na taa zimo katika jingine, masanduku hayo yaunganishwe kwa waya mnene wa pekee, mbali na ule ufuatanao na waya wa volti kubwa. Muungano huo ukikatika na hakuna mwingine, sanduku zima lageuka kuwa volti 3,000, na atakayeligusa ni yule aliyeshika redio kwa mkono wa pili.

Tena hapa Same tuna shida yetu. Ardhi ya tambarare yetu ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, kwa kuwa mvua nyingi humalizwa na milima. Chuma kilichopigiliwa katika udongo mkavu hakishiki ardhi vizuri. Mtu aweza kukiona kimesimama imara kama nguzo ya uzio, lakini umeme haukioni. Chuma na kiende chini kadiri kiwezavyo, na viwe vingi, vikiachana na kuunganishwa kwa shaba, penye unyevu kama vile karibu na bomba la maji yamwagikayo ya nyumba. Walakini hata vikiwa 10, visichukue kamwe nafasi ya waya wa ardhi wa nyumba. Chuma cha nje ni cha kusaidia radi na mawimbi. Waya wa nyumba ndio ukatao fyuzi kwa wakati. Na wakati wa radi, antena ichomolewe na kutupwa nje, kisha mtu akae mbali nayo.

Neno juu ya antena. Baina ya taa yenye volti 3,000 na waya uliotandazwa uani kuna kapasita moja tu izuiayo. Ikipasuka, volti zote zatoka nje, kwenye waya ambao chini yake watu huanika nguo na kufunga mbuzi. Kinga yake ni choki ndogo ya waya iunganishwayo kati ya tundu la antena na sanduku. Mawimbi ya redio hayapiti katika choki hiyo, bali umeme wa moja kwa moja hupita bila taabu; basi kapasita ikivunjika, umeme huo hukimbilia sandukuni na kukata fyuzi. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, nacho hulinda mtu ambaye hata hajui kwamba kuna redio. Amplifaya isiyo nacho haijakwisha kujengwa. Hata chombo kikiwa kizima, antena irushapo wati 1,000 huunguza mkono uishikao. Kwa hiyo ncha zake ziinuliwe juu pasipofikika, au zizungushiwe uzio.

Fyuzi nazo zina elimu yake. Fyuzi ndogo ya kioo ya volti 250 haimudu kukata volti 3,000. Uzi wake huungua, lakini umeme huendelea kupita katika moshi na cheche. Fyuzi ya upande wa volti kubwa iwe ile iliyotengenezwa kwa volti hizo, na pamoja nayo iwekwe rezista nene ya omu 10 hadi 50 ya kupunguza ukali wa umeme siku taa itakapopiga cheche ndani. Upande wa ukutani, chombo kikubwa namna hii hupita ampea 13 kwa urahisi kikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Kisichomekwe katika soketi moja pamoja na jokofu kwa kutumia waya wa kurefushia. Kiwe na njia yake kutoka ubao mkuu, yenye waya mnene na kikata umeme chake, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme aliyesajiliwa. Vile vile, wakaao mwisho wa laini wajua kwamba umeme huzama jioni na huweza kupanda usiku wa manane. Transfoma itoayo volti 2,200 hujaza kapasita hadi 3,100. Umeme wa ukutani ukipanda sehemu moja ya kumi, zafika 3,400 na zaidi, na kapasita zetu za 3,600 zimebakiwa na nafasi ndogo sana. Mjenzi wa hapa na aache nafasi kubwa kuliko ile iandikwayo na watu wa miji yenye umeme mtulivu.

Kuhusu joto na hewa tutasema kwa ufupi. Taa ya 3-500Z haina budi kupulizwa na feni, na viungo vya kioo na chuma chake visizidi nyuzi 200 chini na 225 juu. Vumbi jekundu la tambarare huziba feni, na likikaa juu ya vihami hufanya njia ya umeme. Basi kila feni iwe na chujio, na chujio lioshwe. Yule akaaye juu, huko Chome au Suji, hana vumbi hilo, lakini ana ukungu, na unyevu juu ya vihami nao ni njia. Zaidi ya hayo, hewa ya mita 2,000 juu ya bahari ni kama sehemu 4 kwa 5 ya ile ya pwani. Hewa nyepesi hupoza kidogo, na cheche huiruka kwa wepesi zaidi. Nafasi baina ya waya za volti kubwa na chuma, iliyotosha Tanga, huenda isitoshe karibu na Shengena.

Sasa twaja kwenye vifaa vya kuokoteza, maana wengi wetu hatuna fedha za kuagiza vipya. Kuokoteza si aibu; kuokoteza bila kujua ni hatari. Transfoma ya oveni ya maikrowevu huvutia watu kwa kuwa hutoa volti 2,000 na ushei na hupatikana kwa bei ya chuma chakavu. Lakini mwisho mmoja wa uzi wake umefungwa katika chuma chenyewe, kwa hiyo haikubali kila mpango wa diodi; tena hupata joto jingi hata isipofanya kazi. Watu wamekufa katika nchi mbalimbali kwa kuichezea transfoma hiyo. Kapasita kuukuu za mafuta zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 huweza kuwa na mafuta ya sumu yaitwayo PCB. Zisitobolewe wala kuchomwa moto, na mafuta yake yasimwagwe shambani. Baadhi ya taa na vipozeo vya kauri vina oksidi ya berili, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Visipigwe tupa wala kuvunjwa ili kuona ndani. Asiyejua kauri yake ni ya aina gani na aichukulie kuwa ya aina hiyo.

Katika kufanya kazi, sheria zetu ni chache. Mtu asifungue chombo akiwa peke yake ndani ya nyumba. Asifungue amechoka, wala usiku baada ya zamu. Avue pete na saa. Mkono mmoja ukae nyuma au mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Na wote wakaao ndani ya nyumba, mke au mume, mtumishi wa nyumbani, na watoto wenye akili, waonyeshwe swichi kuu moja iliyo mlangoni, rangi yake nyekundu, na kuambiwa: Mkimwona ameanguka, msimguse, zimeni hii kwanza. Kisha mmoja aite msaada, na mwingine, ikiwa aliyeanguka hapumui, abonyeze katikati ya kifua chake kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Yeyote ajuaye kupuliza pumzi ampulizie mara 2 kila baada ya mibonyezo 30. Elimu hiyo yafaa hata nyumba isiyo na redio.

Mabibi na mabwana, tumefika kwenye neno tuliloahidi. Huko Ugweno, katika Pare ya Kaskazini, Washana walisifika kwa uhunzi muda mrefu kabla ya reli kupita hapa, na vyuma vyao vilinunuliwa hata Uchagani. Mnunuzi wa Uchagani hakuwako kiwandani chuma kilipofuliwa, wala hakujua mhunzi alikuwa na haraka au utulivu siku ile. Alishika jembe na kuliamini. Basi fundi hodari ni yule ambaye kazi yake hubaki salama mikononi mwa mtu asiyemjua.

Sisi watumishi twazijua kazi za makabidhiano. Hatumwachii mwenzetu ofisi bila orodha ya mali, bila funguo, bila majalada. Amplifaya nayo na iwe na jalada lake. Ndani yake iwekwe michoro ya waya zote, iliyoandikwa kwa mkono usomekao. Idadi ya volti za kila mahali. Muda wa kungoja baada ya kuzima. Tarehe ya mwisho ya kupima rezista za kumwagia. Na jina la aina ya kila kapasita. Nakala moja ibandikwe ndani ya kifuniko. Juu ya kifuniko yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la tatu aweza kuzisoma: HATARI YA KUFA. ZIMA. NGOJA DAKIKA 5. TUMIA FIMBO. Na fimbo yenyewe ifungwe ubavuni mwa sanduku, ihame pamoja nalo. Anayehama bila kuweza kukikabidhi chombo kwa mtu anayekifahamu na akifungue, azimwage kapasita, azifunge kwa waya miguu kwa miguu, na kuzitoa kabisa.

Twapendekeza basi, Bwana Mwenyekiti, mambo matatu. La kwanza, mwanachama yeyote ajengaye au anayemiliki chombo cha namna hii amwalike mwenzake mwenye maarifa akikague kabla hakijapewa umeme, wala asione ukaguzi huo kuwa dharau. La pili, chama kiwe na fimbo moja njema na kifaa kimoja cha kupimia volti kubwa, viazimwe kwa kutia sahihi. La tatu, mkutano mmoja wa mwaka utumiwe kufundishana namna ya kumsaidia aliyepigwa na umeme. Gharama ya yote matatu ni ndogo kuliko gharama ya jeneza.

Msikilizaji aliye mbali, asikiapo sauti yetu ikitoka nyuma ya milima hii, hataziona rezista tulizozichagua kwa uangalifu, wala fimbo iliyo ubavuni. Lakini atakayelifungua sanduku hilo miaka 20 baadaye ataziona, naye atatuelewa bila kutujua majina.